Msimwite Pat Martino Muujiza

Imezunguka tena ile video. Nimeipata kwenye makundi mawili ya WhatsApp ya wapiga gitaa, nikaikuta Facebook, na juzi mwanafunzi wangu akanionyesha kwenye simu yake, kaguswa kweli. Pat Martino, mpiga gitaa wa jazi wa Marekani, anapasuliwa ubongo mwaka 1980. Anaamka hamjui mama yake, hamjui baba yake, hajui hata kwamba amewahi kushika gitaa. Anasikiliza rekodi zake mwenyewe, anajifunza upya, anarudi jukwaani. Piano ya huzuni inalia chini kwa chini, maandishi makubwa yanapita: MUUJIZA. Kwenye maoni watu wameandika amina, amina, amina.

Video nzima haina noti hata moja ya gitaa lake. Nimeirudia kuhakikisha. Mtu aliyeyatoa maisha yake yote kwa gitaa anasimuliwa kwa piano ya mtu mwingine! Hapo ndipo niliposhikwa na hasira, na mpaka sasa haijashuka.

Nianze na alikotoka, maana video haigusi. Alizaliwa Philadelphia tarehe 25 Agosti 1944, jina lake Pat Azzara. Martino ni jina alilolitumia baba yake jukwaani. Mzee alikuwa mwimbaji wa klabu za pale mjini na aliwahi kujifunza gitaa kwa muda mfupi kwa Eddie Lang, mpiga gitaa wa jazi wa zamani. Ndiye aliyempeleka mwanawe kumsikiliza Wes Montgomery, mpiga gitaa mkubwa wa jazi. Pat alianza gitaa akiwa na miaka 12. Mwalimu wake alikuwa Dennis Sandole, ambaye pia alimfundisha mpiga saksafoni John Coltrane, na Coltrane alipokutana na huyu kijana mdogo alimnunulia kikombe cha chokoleti ya moto wakakaa wakazungumza. Nakipenda sana hicho kikombe. Kinaeleza namna muziki ule ulivyokuwa ukipita: mkubwa anamwona mdogo, anamkalisha, anamsikiliza.

Shule aliiacha kabla ya kumaliza, akaenda New York akiwa bado kijana mbichi. Akapiga na mwimbaji Lloyd Price, akapiga na mpiga saksafoni Willis Jackson, kisha na wapiga ogani waliokuwa moto wakati ule: Jack McDuff, Don Patterson, Richard "Groove" Holmes. Zilikuwa bendi za Weusi, kwenye klabu za Weusi, na yeye, mtoto wa familia ya Kiitalia, aliingia mle kama mwanafunzi akatoka fundi. Mpiga gitaa George Benson amesimulia jinsi alivyomsikia kijana huyu Harlem akabaki ameduwaa. Mwaka 1967, akiwa na miaka 22, alirekodi El Hombre kwa kampuni ya Prestige, Trudy Pitts akiwa kwenye ogani. Mwaka uliofuata akatoa Baiyina, albamu yenye ala za Kihindi, tabla na tambura, ambayo jina lake linatoka kwenye Sura ya 98 ya Kurani. Tuko hapa Tanga, watu wanaoisoma sura hiyo tangu chuoni, na sijakutana hata na mpenzi mmoja wa gitaa aliyewahi kuisikiliza albamu hiyo. Itafuteni.

Basi huyo ndiye mtu aliyepasuliwa kichwa. Hakuwa mtu wa kawaida aliyepewa kipaji hospitalini. Alikuwa na zaidi ya miaka ishirini ya kazi mikononi.

Neno muujiza linaniudhi kwa sababu lina kazi moja tu, kumwondoa mtu kwenye kazi yake. Muujiza haufanyiwi mazoezi. Ukishasema Mungu kamrudishia vidole, huna tena haja ya kuuliza alikaa na gitaa saa ngapi kwa siku, alianzia wapi, aliumia vipi, aliacha mara ngapi akarudi. Upasuaji ulikuwa 1980. Albamu aliyoiita The Return, iliyorekodiwa jukwaani katika klabu ya Fat Tuesday's New York, ilikuwa 1987. Hiyo ni miaka saba. Video inairuka kwa sekunde mbili, picha moja inafifia, nyingine inatokea, mtu kapona.

Ile miaka saba ndiyo habari yenyewe. Mwenyewe ameeleza kwamba mwanzoni hakulitaka gitaa kabisa. Alikuwa kwa wazazi wake Philadelphia, na baba yake alikuwa akipiga rekodi zake za zamani kwenye nyumba. Sauti inapita kwenye kuta na sakafu inamfikia alikolala, naye anajiona analazimishwa kuwa mtu asiyemjua. Hebu fikirini hapo. Sisi tunaiona picha tamu ya mwana akijisikiliza na kujikumbuka. Yeye alisikia mzee anayedai mwanawe wa zamani arudishwe. Mzee namwelewa, na mwana namwelewa zaidi. Alikuja kulishika gitaa alipotaka mwenyewe, kama mtoto anavyoshika kitu cha kuchezea, na polepole vidole vikaanza kukuta njia vilizozijua. Kisha ni kazi, siku baada ya siku, miaka. Na hata baada ya 1987 hakupaa moja kwa moja. Wazazi wake walifariki, akanyamaza tena, na mpaka 1994 ndipo akatoa Interchange na kurudi kwa uthabiti. Ukihesabu hivyo, kurudi kwake kulichukua karibu miaka kumi na minne. Mwambieni kijana anayekata tamaa kwa sababu hajaiweza solo tangu Januari.

Kuna jambo jingine linalopitwa kimya, nalo linauma kuliko hilo. Huyu mtu alikuwa mgonjwa kabla ya 1980, miaka mingi kabla. Maumivu ya kichwa na kuzimia kulimwandama tangu utotoni. Mwaka 1976, akiwa jukwaani Ufaransa, ghafla mikono ilisimama, akabaki amesimama mbele ya watu hapigi kitu. Tatizo lilikuwa fundo la mishipa ya damu kichwani alilozaliwa nalo. Lakini kabla ya kulipata, madaktari walimwita mwendawazimu. Walimpa majina ya magonjwa ya akili, wakamfungia wodini, wakampitishia umeme kichwani. Fundo lilipovuja damu ndipo picha za kichwa zikaonyesha ukweli, akaambiwa anaweza kufa muda wowote, akasafiri kutoka Los Angeles kwenda kwao Philadelphia kupasuliwa.

Mwaka gani hatujaona hayo hapa kwetu? Mtoto anaanguka kifafa shuleni, wenzake wanakimbia, nyumbani wanasema ana shetani, anazungushwa kwa waganga mpaka anaungua motoni siku ameanguka jikoni. Kwenye mtaa niliokulia alikuwepo dada mmoja aliyemalizika hivyo hivyo, na dawa ya kifafa ilikuwepo. Kama mnataka fundisho kwenye maisha ya Martino la kusambaza kwenye WhatsApp, sambazeni hili: mpelekeni mgonjwa akapimwe kichwa.

Sasa nije kwenye kilichonifanya nimpende, ambacho ni ualimu wake.

Kwanza kabisa, alikuwa mwalimu kabla ya upasuaji. Mwishoni mwa miaka ya 1970, alipoona jukwaa limekuwa hatari kwake, alikwenda Hollywood kufundisha kwenye chuo cha gitaa cha GIT (Guitar Institute of Technology), kile ambacho Howard Roberts alikuwa miongoni mwa walioanzisha mwaka 1977. Kwa hiyo hadithi kwamba upasuaji ulimfungua akili akaliona gitaa upya haina miguu. Alikuwa analiona hivyo tayari.

Na alilionaje? Wengi wetu tumefundishwa gitaa kwa macho ya piano. Piano ina vibao vyeupe na vyeusi, nadharia yote ikajengwa juu ya vile vyeupe, halafu sisi tukaambiwa tuihamishie kwenye nyuzi sita. Ndiyo maana kijana anakariri skeli (ngazi za noti) kumi na mbili na bado akipewa wimbo hajui aanzie wapi. Martino alisema gitaa lina mpangilio wake. Freti, vile vyuma vinavyokata shingo, ziko 12 kwenye oktava moja, yaani kutoka noti moja mpaka ya jina lile lile juu yake, na 12 inagawanyika sawasawa kwa tatu na kwa nne. Ukigawa kwa tatu unapata kodi (noti zinazopigwa pamoja) iitwayo ogmenti. Ukigawa kwa nne unapata diminishi. Hizo mbili ndizo wazazi, nyingine zote ni watoto wao.

Chukua gitaa sasa hivi. Uzi wa nne, ukihesabu kuanzia ule mwembamba, bonyeza freti ya pili. Uzi wa tatu freti ya kwanza. Uzi wa pili freti ya kwanza. Piga hizo nyuzi tatu peke yake. Inasikika kama kitu kinachoning'inia, hakijatua. Hiyo ni ogmenti, noti E, G kali (G iliyopandishwa freti moja) na C. Sasa ondoa kidole kwenye uzi wa pili tu, uachie wazi: umepata E meja, ile ile uliyofundishwa siku ya kwanza. Rudi mwanzo. Ondoa kidole kwenye uzi wa tatu tu: C meja. Rudi mwanzo. Uzi wa nne urudishe freti ya kwanza: A bapa (A iliyoshushwa freti moja) meja. Kodi tatu za meja, kila moja kwa kushusha kidole kimoja nusu toni, yaani freti moja. Sasa pandisha badala ya kushusha. Uzi wa tatu kwenda freti ya pili: A maina, kodi yenye sauti ya huzuni. Uzi wa pili kwenda freti ya pili: C kali maina. Uzi wa nne kwenda freti ya tatu: F maina. Kodi sita kutoka umbo moja, na hukuhama mahali. Kisha lichukue umbo lile lile ulisogeze freti nne mbele. Ni noti zile zile, zimebadilishana nyuzi tu.

Nilipomfanyisha hivyo mwanafunzi mmoja, kijana wa fundi seremala, hakusema kitu. Alirudia ile ya kwenda C na kurudi, C na kurudi, kisha akaanza kusogeza umbo mwenyewe juu ya shingo bila kuniuliza, akitafuta watoto wengine. Alikuwa amezijua E, C na A maina siku zote, kila moja ikiwa na picha yake kwenye kitabu. Hakuna aliyemwambia kwamba ni ndugu.

Diminishi nayo ni hivyo hivyo. Ina noti nne. Shusha yoyote kati ya hizo nusu toni, unapata kodi ya saba, kama G7. Nne kutoka umbo moja.

Halafu kuna njia yake ya kupigia solo, ya kugeuza kila kitu kuwa maina. Ukikutana na G7, fikiria D maina. Ukikutana na C meja, fikiria A maina. Ukitaka G7 iwe na pilipili, fikiria A bapa maina, nusu toni juu. Mpiga solo anabaki na lugha moja anayoijua vizuri, anaihamisha mahali. Na wala hakukaa chini kuibuni ili auze vitabu. Ndivyo mikono yake ilivyokuwa ikienda, yeye akaitazama akaieleza. Kitabu cha Linear Expressions kilitoka 1983, kikaeneza njia hiyo wakati mwenyewe bado yuko nyumbani anapambana kujirudisha.

Najua mtakachosema, na sitakataa yote. Njia hii inaweza kumlemaza mvivu. Nimewasikia wapiga gitaa wanaopachika maina kila mahali mpaka nyimbo zote zinakuwa wimbo mmoja. Na maneno ya Martino darasani hayakuwa rahisi. Alizungumza kama mwanafalsafa, alichora nyota na duara, na kuna wanafunzi waliotoka kwake wakiwa hawajui wafanye nini kesho yake asubuhi. Pia ni kweli kwamba hadithi ya ugonjwa mwenyewe aliisimulia, kwenye kitabu cha maisha yake cha 2011 na mbele ya kamera kwenye filamu ya 2008. Sawa. Ila alipoisimulia yeye, gitaa lilikuwepo. Wanasayansi wa ubongo nao wana haki ya kushangaa, maana sehemu kubwa ya ubongo wake wa kushoto, upande wa sikio, ilitolewa, na bado alipiga vile. Wachunguze, waandike. Sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na wapenda muziki wanaomjua mgonjwa na hawamjui mpigaji.

Miaka ya baadaye alifundisha Philadelphia kwenye University of the Arts, na nyumbani kwake pia, watu wakisafiri kutoka mbali kwenda kukaa naye. Mwaka 2018, baada ya ziara ya Italia, mapafu yalimkatalia, akaacha jukwaa. Alifariki tarehe 1 Novemba 2021, akiwa na miaka 77. Kile chuo kilifungwa Juni 2024, wanafunzi na walimu wakapewa taarifa ya wiki moja tu. Wiki moja! Mahali waliposimama watu kama yeye panafungwa kama kibanda cha barabarani, na sikuona video yoyote ikizunguka kuhusu hilo.

Nasi hatuna pa kujificha. Mpiga gitaa wetu Mbaraka Mwinshehe alifariki Januari 1979 kwa ajali ya gari Mombasa, na ukitaja jina lake kwenye kijiwe chochote utasimuliwa ajali: gari, barabara, hospitali, nani alikuwepo. Uliza alivyokuwa akipiga solo, alikuwa akianzia wapi kwenye shingo, akipokezana vipi na gitaa la rithimu, kijiwe kinanyamaza. Mji wangu huu ulikuwa na bendi za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz. Wapigaji wale walifundishana kwa kukaa pamoja, mdogo akiangalia vidole vya mkubwa, na sehemu kubwa ya ujuzi ule haikuandikwa na mtu. Wazee wachache waliobaki wanahojiwa redioni kuhusu nani alimwibia nani bendi. Hakuna anayewapa gitaa akawaambia, mzee, tuonyeshe. Martino angalau alionyesha, kwa kitabu, kwa video za masomo, kwa ubao na chaki, na yote yapo mpaka leo kwa anayetaka. Halafu sisi tunachagua kusambaza piano ya huzuni.

Kwa anayetaka kumjua, njia ni fupi. Ule wimbo wa El Hombre aliurekodi mara ya kwanza 1967. Akaupiga tena Desemba 2000 katika klabu ya Yoshi's, Oakland, safari hii na Joey DeFrancesco kwenye ogani na Billy Hart kwenye ngoma, albamu ikatoka 2001 kwa jina la Live at Yoshi's. Kati ya hizo mbili kuna kisu cha daktari. Sikiliza ya kwanza, kisha ya pili, kwa sauti kubwa, bila kuangalia simu.

Ya 1967 ni ya kijana mwenye haraka. Noti zinamwagika safi, kila moja imepigwa kwa piki (kibao kidogo cha kupigia nyuzi) na kwa nguvu, nyuzi zake nzito unazisikia, na anataka ujue kwamba anaweza. Ya 2000 ina kasi ile ile, tena pengine zaidi, lakini anajua kusubiri. Anashika kifungu kimoja kifupi, anakirudia, anakirudia, DeFrancesco anapanda chini yake, Hart anachochea, naye hakiachii mpaka ukumbi wote umeshikwa, ndipo anakiachia mstari mrefu unaoshuka mpaka nyuzi za chini. Kwenye albamu hiyo hiyo kuna Blue in Green, anaipiga taratibu, kwa nafasi, jambo ambalo kijana wa miaka 22 asingekuwa na subira nalo. Wanaosema alirudishiwa alichopoteza hawajasikiliza. Aliyepiga Oakland anapiga kuzidi yule wa 1967, na sababu yake ni ile miaka ambayo video iliruka.

Mwanafunzi wangu nimempa zote mbili. Wiki ijayo tunaanza diminishi.